Kamera Mbili, Uso Mmoja

Kama wiki iliyopita safu yangu ya gazetini ilikupita, hukukosa kitu ila aibu yangu. Kamera iliyonilisha miaka tisa ilinichomoka mkononi pale kivukoni, nikiwapiga picha abiria wa Mahenge, ikazama Mto Kilombero pamoja na mkanda wake. Nikabaki Silvano mpiga picha asiye na cha kupigia, na kazi za watu nimeshazipokea.

Bahati ikanipa kamera mbili kuukuu za kuchagua, zote za aina ile ya kubadilisha lenzi. Moja ilikuwa ya Kirusi, ya Mzee Nikodemu, mstaafu wa reli. Ya pili ilikuwa ya Kijapani, aliyoiacha marehemu Viktor. Huyo Viktor ndiye aliyenifundisha kazi, nami nikamwita kaka mpaka siku tuliyomzika. Mjane wake, Balbina, ni shemeji yangu kwa heshima hiyo.

Niliwaomba wenye mali siku tatu za kuzijaribu, wakanikubalia. Leo nasimulia nilivyozitumia hizo siku tatu. Heri ningezilala.

Huku kwetu mtu hanunui baiskeli kabla ya kuizungusha mtaani, na kamera nayo ni hivyo hivyo. Niliziweka zote mezani kwangu, mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, nikaanza na lenzi. Bonde letu ni la maji na mpunga. Lenzi ikikaa kwenye mfuko wa ngozi masika mbili tatu, inaota ukungu kama mkate.

Lenzi ya Kirusi ilifungwa kwa skrubu, unazungusha mpaka mkono unachoka. Nikaielekeza dirishani, nikaona utando mdogo pembeni. Ile ya Kijapani ilitoka kwa robo mzunguko tu. Kioo chake kilikuwa safi, sikuona hata doa.

Uzito je? Ya Kirusi ungeweza kuulia nyoka. Ya Kijapani ungeivaa shingoni toka asubuhi mpaka harusi iishe na usiione. Sindano ya kupima mwanga kwenye ya Kirusi ilikuwa imelala usingizi wa moja kwa moja, lakini kwenye ya Kijapani ilipanda na kushuka kila nilipoigeuzia mlangoni, alipokuwa amekaa mke wangu Noela akipeta mchele.

"Baba Herieth, mbona jibu liko wazi," akasema. "Chukua hiyo ndogo."

Nikamwambia bado sijatazama mapazia.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna pazia linalofunguka na kujifunga kufumba na kufumbua. Ukitaka kujua kama ni zima, unafungua mlango wa nyuma wa kamera, unaielekeza kwenye mwanga, unabonyeza na kuchungulia. Nilifungua ya Kirusi, nikabonyeza mara tatu, nikaona mwanga ukipita, nikaridhika. Haraka yangu ndiyo iliyoridhika, maana macho hayakuwa yameona kitu.

Kisha nikaivuta ya Kijapani.

Sasa hapa naomba mnivumilie. Kuna jambo mpiga picha anafundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaruhusiwa kushika kamera vizuri. Juu ya kamera, upande wa kushoto, kuna kitasa kidogo cha kurudishia mkanda. Kabla hujafungua mlango unakizungusha kidogo. Kikizunguka bure, ndani ni tupu. Kikikaza, kuna mkanda, na mkanda ukiona mwanga umekwisha.

Viktor alinifundisha hilo kwa kunipiga kofi la kisogoni. Na ilikuwa haki yangu.

Siku ile sikukizungusha. Nilijisemea mwenye kamera amekufa mwaka mzima, atakuwa na mkanda gani. Nikabonyeza, mlango ukafunguka.

Mkanda ulikuwa humo, umeviringika upande wa kulia, mnene, rangi ya chai ya maziwa. Jua la saa nne lilikuwa limeupiga wote. Nikafunga. Sidhani kama zilipita sekunde tatu.

Noela aliinua kichwa akauliza kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu. Huo ukawa uongo wa kwanza, na ningewaomba muuhesabu, lakini hata mimi baadaye hesabu ilinipotea.

Kihesabu cha picha kilionyesha thelathini na nne. Kwa hiyo Viktor alikuwa amepiga picha thelathini na nne, zikabaki mbili, akafa. Kwa sisi wa kazi hii si ajabu. Mkanda ni ghali, mtu huuweka ndani hata miezi mitano mpaka uishe.

Nyumba ya Balbina ni mwendo wa dakika tano kutoka kwangu. Ningeinuka saa ile ile, nikamwambia shemeji nimekosa, angelia, angenisamehe, na hadithi hii isingekuwepo. Badala yake nilikaa pale nikijifariji. Labda Viktor alikuwa amepiga kuku na mabati ya watu. Labda mkanda wenyewe ulikuwa umeshaharibika kwa joto. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Sanje, kamera zote mbili begani. Kule ndiko kulikokuwa na komunio niliyoahidi kuipiga, nami nilitaka kupaona mahali na kuzijaribu kamera kwenye mwanga wa mahali penyewe. Ya Kirusi nikaitia mkanda mpya. Ya Kijapani nikaiacha na ule ule wa Viktor, picha mbili zilizobaki nizijaribie mimi. Nilijiambia kitu kimeshaharibika, hakina mwenyewe. Aliyeiba kuku haoni tabu kuchukua na yai.

Moja niliimalizia kwenye mgomba. Ikabaki moja.

Jirani na kanisa la Sanje alikaa mzee mmoja, Jeremia, aliyejulikana kwa kukataa picha. Wapiga picha wote wa njia ile tulimjua. Enzi za kadi za chama alikimbilia shambani siku mbili mpaka mpiga picha akaondoka. Alisema uso alipewa na Mungu, hakuona kwa nini augawe.

Basi siku hiyo ndiye aliyeniita. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kigoda, amevaa koti jeusi la suti, na binti yake Evelina akimfunga vifungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha nisimame wapi, kama vile yeye ndiye fundi.

Evelina akanieleza. Kaka yake, Edward, alihamia Masagati, mbele ya Mlimba, akaoa huko, akapata watoto wanne. Hata mmoja hajamwona babu yake. Mzee amefikiri wiki nzima, amekubali.

"Miguu yangu haifiki tena Masagati," mzee akasema. "Uso utafika."

Nilimpiga kwanza kwa ya Kirusi, nikiwa nimeipachika flashi, maana barazani palikuwa na kivuli. Kisha nikahamishia flashi kwenye ya Kijapani, nikampiga tena. Mara ya pili alikuwa ameshazoea, mdomo umelegea, na macho yake yalinitazama mimi badala ya kutazama lenzi.

Akaniuliza mbona nina mbili.

"Moja ya kuonja, mzee. Moja ya kula."

Alicheka, akaamuru nipewe mkungu wa ndizi. Evelina aliubeba mwenyewe mpaka barabarani. Mama yake, Bibi Merina, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, alisimama mlangoni akinipungia mkono upande ambao sikuwepo.

Njia nzima ya kurudi nilijua ipi ni kamera. Hata kipofu angejua, kwa kuishika tu. Lakini kuinunua ya Kijapani maana yake ni kukaa mezani na Balbina, kuutoa mkanda wa mumewe mbele yake na kumwambia kwa nini hautatoka kitu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Sikuchagua kamera nzuri. Nilichagua kamera isiyoniuliza maswali.

Nikaenda kumrudishia Balbina. Nilimkuta anashona, cherehani iko mlangoni. Sikukaa.

"Shemeji, lenzi ina ukungu," nikasema. "Haitanifaa."

Alishangaa, ila hakubisha. Alisema tu kwamba Viktor alikuwa akiifuta kila Jumamosi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Nami nikageuka niondoke, na ningewahi kuondoka kama asingeendelea kuongea.

"Kuna mkanda wake humo," akasema. "Sikukwambia kwa sababu nilijua utakizungusha kile kitasa. Nilitaka utakapoinunua, uutoe wewe kwa mkono wako. Mimi mwaka mzima nimekosa moyo."

Nikauliza mkanda una picha gani. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ni za wiki ile kabla hajalazwa. Aliisimamisha kamera juu ya ndoo, akaitega ijipige, akakimbia kuja kukaa na sisi. Mimi, yeye na watoto. Silvano, mwenzako alipiga picha za mji huu mzima. Yeye hayumo hata moja, ila humo."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mvua. Nikasema ni jambo jema. Nikaaga.

Siku ile ile nilimalizana na Mzee Nikodemu, ya Kirusi ikawa yangu, na mkanda wa Sanje nikautuma Morogoro kwa basi ukasafishwe. Noela aliniuliza imekuwaje nikaacha kamera nzuri nikaleta gogo. Nilimkaripia. Mwanamke wa watu aliuliza la haki, nikamkaripia mbele ya mtoto.

Zikapita siku kumi na moja.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilitoka stendi na bahasha yangu ya picha, na kabla sijaifungua Evelina akapiga hodi. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi. Sikuhitaji kuambiwa, lakini aliniambia. Homa ya siku tatu tu, mzee akawatoka Alhamisi, wakamzika Ijumaa. Edward alipata habari baada ya kaburi kufunikwa.

Noela alimkaribisha, akampa pole, akamletea maji. Kwenye meza hiyo hiyo palikuwa na sahani ya ndizi mbivu, za mkungu wa marehemu.

"Nimefuata picha ya baba," Evelina akasema. "Hatuna nyingine. Ungezitafuta nyumba zote za ukoo, hakuna."

Nikaifungua bahasha mbele yake. Ningefanya nini.

Picha za jua zilikuwa sawa, migomba, kanisa, barabara. Ile ya Mzee Jeremia ilikuwa nyeusi upande mzima. Koti moja, sikio moja, jicho moja, halafu giza lililoshuka wima katikati ya pua yake. Nilijua mara moja. Pazia la ile kamera lilikuwa zito, flashi iliwaka kabla halijamaliza kufunguka. Ningebonyeza mara kumi kwa utulivu mezani kwangu, ningeliona.

Evelina aliichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Hii ni nusu ya baba," akasema. "Na ile nyingine? Ulipiga mara mbili, nilikuwepo."

Ile nyingine. Mkanda unaoharibika ni ule uliokwisha kutoka nje ya kopo lake. Sehemu ambayo bado imejificha ndani haijaona mwanga. Picha ya mwisho ya mkanda wa Viktor ilikuwa bado ndani nilipofungua mlango. Uso wa Mzee Jeremia, mzima, ulikuwa ndani ya kamera ya Balbina.

"Ile bado iko Morogoro," nikamwambia.

"Tutasubiri. Mama haoni vizuri, unajua, ila amesema nimpelekee aishike. Watoto wa Edward nao wanakuja kumaliza matanga. Wanakuja kumlilia mtu wasiyemjua sura."

Aliondoka na ile nusu, akiwa ameifunga kwenye leso. Noela alisubiri hatua zake ziishe uani.

"Baba Herieth," akasema, "wewe una jambo, na jambo lenyewe linanuka."

Sikumkaripia tena. Nilichukua kofia yangu nikaenda kwa Balbina, na njiani nikayapanga maneno yote. Nitasema nilifungua mlango. Nitasema ukungu haukuwepo. Nitasema picha ya mwisho ni ya marehemu mwingine na wanawe wanaililia. Nilijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimeshafika mwisho wake. Nawaapia nilikuwa nimeamua.

Balbina alikuwa amekaa sakafuni, picha zimemzunguka. Macho mekundu, lakini uso una furaha ambayo sikuitegemea.

Akaniambia nikae, nami nikakaa. Kumbe kwa vile nilimwambia lenzi ina ukungu, alimpa mdogo wake kamera aipeleke Morogoro ikasafishwe, na huko fundi akautoa mkanda na kuutengeneza. Fundi huyo alisema lenzi haina ukungu hata chembe.

"Nikasema labda umekauka kwa hili joto," Balbina akasema. "Wewe huwezi kukosea."

Niliziinamia zile picha sakafuni.

Akanionyesha. Picha chache za mwanzo za mkanda zilikuwa na moto wa rangi ya chungwa pembeni, ndani yake anaonekana mtoto mmoja, kuku, kona ya nyumba. Zilizofuata hazikutoka kitu. Fundi hakuzitoa hata kwenye karatasi, alirudisha negativu tu, zimeungua moja baada ya nyingine. Ile ya kwenye ndoo, alipokimbia kuja kukaa na mkewe, haikuwepo. Viktor hakuwepo popote.

"Fundi kasema ni kwa sababu mkanda ulikaa mwaka mzima kwenye joto. Kosa ni langu, shemeji. Ningeutoa mapema. Ni moyo wangu tu ulionichelewesha."

Hapo, msomaji, ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mwanamke alikuwa amejitwika mzigo wangu mbele ya macho yangu. Mtu mwenye haya angeupokea.

Lakini akanizuia, bila kujua, kwa kunyanyua picha moja aliyokuwa ameiweka peke yake juu ya kiti.

"Ila Mungu hakuninyima zote. Hii ilipona."

Mzee Jeremia alinitazama. Koti jeusi, mdomo umelegea, kila kunyanzi mahali pake. Katika miaka yangu tisa ya kazi sijapiga picha nzuri kama ile.

"Huyu ndiye mtu wa mwisho ambaye Viktor alimpiga picha," Balbina akasema. "Simjui. Lakini tazama anavyomwangalia. Hivi ndivyo mtu alivyomwona mume wangu siku zile za mwisho. Nataka nimpate huyu mzee, nimwulize tu Viktor alikuwaje siku hiyo, alisema nini, kama alikuwa anacheka. Wewe unapita kote, toka Kidatu mpaka Mlimba. Unamfahamu?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa ya kumnyang'anya mtu kitu. Ningemnyang'anya na hicho kimoja kilichobaki. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba niliogopa, na woga ukavaa nguo za huruma.

"Simfahamu, shemeji," nikasema.

"Basi nisaidie kumtafuta. Nilisema zitolewe nakala mbili. Chukua moja utembee nayo."

Aliinama mezani na kalamu, akaitia ile nakala kwenye bahasha, akanipa. Nilidhani ameandika jina langu juu ya bahasha. Sikuangalia, maana nilikuwa natafuta mlango.

Mnaona nilivyopata nilichokifuata. Nilitoka kwa yule mama na uso wa Mzee Jeremia mfukoni, bila kukiri neno. Shetani akikusaidia kazi, inakwenda kweli. Njiani nikaanza hata kujipongeza. Evelina atapata baba yake mzima, Balbina atabaki na faraja yake, na Sanje na Ifakara ni kilomita hamsini na ushee, nani atawakutanisha.

Kesho yake saa sita mchana nilikuwa Sanje.

Walinikaribisha kama mkombozi. Matanga yalikuwa hayajaisha, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na watoto wanne wa Edward wamepangwa ukutani na nguo zao za safari. Evelina aliitoa picha kwenye bahasha, akaitazama, akakaa chini palepale. Hakulia kwa sauti. Akawaita wale watoto mmoja mmoja akawaambia huyu ndiye babu yenu, naye mkubwa wao akaigusa ile picha kwenye paji la uso kwa kidole kimoja na kurudi nyuma.

Kisha akampelekea mama yake.

Bibi Merina aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaikubali ilivyo. Akaanza kuipapasa. Vidole vyake vilipita juu ya uso wa mumewe taratibu, vikashuka, vikazunguka nyuma ya karatasi, vikasimama.

"Evelina," akasema, "kuna maandishi huku nyuma. Kalamu imekandamizwa. Nisomee."

Nikaiona tena meza ya Balbina, na mgongo wake ulivyoinama.

Evelina aliigeuza picha. Alisoma kimya, na alisoma mara mbili, niliona macho yake yakirudi juu. Mama yake akamwuliza yanasemaje.

"Ni tarehe tu, mama," akasema.

Akaniomba nimsindikize nje. Tulisimama nyuma ya jiko, ambako hakuna aliyetusikia, akanipa picha niisome mwenyewe. Mwandiko wa shemeji yangu ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma kwa masista. *Picha ya mwisho aliyopiga marehemu mume wangu Viktor, mwaka jana. Atakayemtambua mzee huyu, tafadhali anifikishe kwake. Balbina, Viwanja Sitini, Ifakara.*

"Mwaka jana baba alikuwa hajakubali picha ya mtu yeyote," Evelina akasema. "Na koti nilimvalisha mimi, wiki mbili zilizopita, ukiwa umesimama mbele yetu."

Nikasema ndiyo.

"Huyu mama anafikiri mume wake ndiye aliyempiga."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe umemwacha afikiri hivyo."

Alinyoosha mkono nikamrudishia picha, akaifuta na kitenge chake mahali nilipokuwa nimeishika.

"Mama yangu sitamwambia, ana mzigo wa kumtosha. Ila huyu wa Ifakara amefiwa kama mimi, na anamtafuta baba yangu amwulize habari za mumewe. Siwezi kulala na picha hii huku yeye anangoja mtu aliyekufa. Kesho nakuja na basi la kwanza. Utanisubiri stendi, utanipeleka kwake, na utakayosema utayasema wewe. Usipokuwepo nitaenda peke yangu. Jina na mtaa viko hapa nyuma ya baba."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia nitakuwepo. Nikawaaga wazee wa msiba, nikaitika pole na asante, Bibi Merina akanishika mkono akaniombea maisha marefu. Nikaenda barabarani kusubiri basi la Ifakara, gogo langu la Kirusi limening'inia shingoni. Mfukoni nilikuwa na nauli na kidogo cha kula, basi.

Nilikaa pale kama nusu saa. Basi la kwanza kutokea lilikuwa linatoka Ifakara, linakwenda Morogoro. Nilinyoosha mkono, likasimama, nikapanda.